Garanti ya kuongeza: tulipe, ao tuweke feza mu kasha letu?

Muuzaji wa aparei ya foto anaomba dola 70 zaidi, eti kwa garanti ya miaka mbili. Dola zile ni michango ya wachimbaji. Mbele ya kuzitoa, tuhesabu pamoja.

Kila mara sendika, koperative ao familia inaponunua kitu cha bei mu Bukavu, kuanzia Nyawera mupaka Kadutu, kuko neno moja linatoka mwishoni, wakati feza zimekwisha kuhesabiwa juu ya meza. «Papa, na garanti ya kuongeza, hautaki? Ni kidogo tu, utalala usingizi.» Muuzaji anasema kwa upole, kama mutu anayekutakia mema. Na wewe, ambaye umetoka kutoa feza nyingi kwa siku moja, unaona kama kukataa ni kutafuta bahati mbaya.

Swali hili limefika kwetu. Sisi wa sendika tulikuwa tunatafuta aparei ya foto ya kazi. Ile tuliyoipenda iko kwa dola 450, pamoja na objektifu yake, batri na sharjeri. Mutengenezaji anatoa garanti ya mwaka mumoja. Duka linaomba dola 70 zaidi ili garanti iendelee miaka mbili ingine. Mu mukutano, watu waligawanyika. Wengine: «Tulipe, ni feza ya usalama.» Wengine: «Ni feza ya kutupa mu ziwa.»

Dola 70 ni michango ya wanachama 70, kila mutu dola moja. Na mwenye kutoa ile dola ameshuka chini ya udongo na taa kwenye kichwa. Njo maana tulikataa kuamua kwa woga ao kwa haraka. Tulichukua kalamu. Haya tuliyoyaona tunayaandika hapa, juu ya familia nyingi za wachimbaji ziko na swali lile lile: kwa aparei ya foto ya mutoto anayepiga picha ku ndoa, kwa televizyo, kwa frigo, kwa mashine ya kusaga.

Aparei ya foto ni chombo cha kazi

Mutu anaweza kuuliza: wachimbaji na foto, wapi na wapi? Tukumbuke Kamituga, tarehe 11/9/2020. Mvua kali ilinyesha, maji yakaingia mu mashimo ya mahali panapoitwa Detroit, na habari zikataja watu karibu 50 waliokufa. Mu musiba kama ule, swali la kwanza la familia ni: nani alishuka? Pasipo daftari ya wanaoingia, na pasipo picha, mujane anaweza kuambiwa kama bwana yake hakukuwa mu shimo siku ile. Picha ya kikosi mbele ya kushuka, yenye tarehe, ni ushahidi.

Kuko na sheria tena. Kode ya Madini ya mwaka 2002, iliyobadilishwa tarehe 9/3/2018, inaomba kila muchimbaji wa mikono awe mwanachama wa koperative iliyokubaliwa. Kanuni za kazi zinakataza shimo la muchimbaji wa mikono kupita metre 30 za urefu. Zinakataza watoto na wanawake wenye mimba mu mashimo. Wakati kikundi cha ukaguzi kinakuja kupima kama mahali ni kijani, manjano ao nyekundu, maneno matupu hayatoshi. Picha ya miti inayoshikilia shimo, ya kamba, ya pompe ya maji, ya mizani wakati wa kupima kiloba, inasema kuliko hotuba.

Wamoja walisema telefone inatosha. Kwa mambo mengi, ndiyo. Lakini telefone ni ya mutu. Inaibiwa, inauzwa, inaanguka mu maji, na picha za sendika zinakwenda pamoja nayo. Tena mu giza la shimo, aparei yenye flashi ya nguvu inaonyesha mti uliooza mahali telefone inaonyesha kivuli tu.

Kwa hiyo kununua aparei, tulikubaliana. Kilichobakia ni ile dola 70.

Garanti tatu, tusizichanganye

Ujanja mwingi unaingia hapa, juu ya neno moja linafunika mambo matatu.

Ya kwanza ni garanti ya sheria. Haiuzwe. Mu Kongo, sheria ya mikataba ingali inatoka mu dekreti ya tarehe 30/7/1888, ile tunayoita Kode Sivili, kitabu cha tatu. Inasema kama muuzaji ni mwenye kujibu juu ya ubaya uliofichwa mu kitu alichouza, ule unaofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Munua anaweza kurudisha kitu na kupewa feza yake, ao kubakia nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama muuzaji alijua ule ubaya na akanyamaza, anadaiwa pia malipo ya hasara. Lakini kuko mambo mbili ya kushika: ubaya unaoonekana kwa macho siku ya kununua hauhesabiwe, na inaomba ulalamike mbio, usingoje miezi na miezi. Hata pale duka linapoandika ku fakitire «kitu kilichouzwa hakirudishwe», muuzaji aliyejua ubaya na kuuficha hawezi kujificha nyuma ya yale maneno.

Ya pili ni garanti ya mutengenezaji. Iko mu bei tayari. Kwa aparei nyingi za foto ni mwaka mumoja. Inajibu juu ya kosa la kiwanda: kifungo kisichorudi, kioo cha nyuma kinachozima, objektifu isiyoshika picha. Lakini angalia: garanti nyingi za aparei za foto ziko za eneo. Aparei iliyotengenezwa kuuzwa Dubai inaweza kuwa na garanti ya Dubai. Nyingi zinazofika huku zimepitia Dubai, Guangzhou, Kampala ao Kigali. Kile kikaratasi ndani ya kartoni kinaweza kuwa cha kweli kabisa, lakini mulango wake uko mbali na Bukavu.

Na ndugu yako akikununulia aparei Brussels? Ulaya, tangu dirigo la mwaka 1999, muuzaji anajibu kwa muda wa miaka mbili kwa munua wa kawaida. Ni bure, hainunuliwe. Lakini anayedaiwa ni duka la Brussels, na fakitire ndiyo ufunguo. Muombe ndugu akutumie fakitire pamoja na aparei, hata kwa picha ya telefone.

Ya tatu ndiyo hii ya kuongeza. Hii ni biashara. Duka ao kampuni ingine inakuuzia ahadi: «Mwaka wa kwanza ukiisha, tutaendelea.» Ahadi ni karatasi. Kazi yetu ni kusoma karatasi.

Soma maandishi madogo

Tuliomba muuzaji atupe ile karatasi mbele ya kulipa. Alishangaa kidogo, kisha akaitoa. Tulisoma mustari kwa mustari, na tunaona inafanana na garanti nyingi za aina hii duniani. Hailipe aparei iliyoanguka. Hailipe maji wala unyevu. Hailipe muchanga, matope wala vumbi. Hailipe wizi. Hailipe batri, sharjeri na kamba, juu vile ni vitu vya kuchakaa. Hailipe kama fundi mwingine alifungua aparei. Hailipe vita, maandamano, moto wala tetemeko.

Sasa tujiulize: aparei ya muchimbaji inaharibika namna gani? Inaanguka juu ya mawe. Inaingia matope. Inakula vumbi ya mawe yanayotwangwa, kule ba mama wanapofanya kazi. Inakaa mu unyevu, juu huku mvua inaanza mu mwezi wa tisa na kuendelea mupaka mwezi wa tano, na aparei iliyofungwa mu mufuko wa ngozi mu nyumba ya baridi inaota kuvu ndani ya objektifu. Sharjeri inaungua wakati umeme unakatika na kurudi kwa nguvu. Na inaibiwa.

Yote yale yako nje ya garanti. Kinachobakia ndani ni kosa la kiwanda linalojificha mwaka muzima, kisha linatokea mwaka wa pili ao wa tatu. Linaweza kutokea, hatukatae. Lakini mafundi wa elektroniki wanajua jambo moja: vyombo hivi vinakufa zaidi mu siku za kwanza, kama mutoto muchanga anayezaliwa na ugonjwa, ao mu siku za mwisho, vikiisha kuchoka. Katikati vinatulia. Siku za kwanza ziko mu garanti ya mutengenezaji, ambayo umekwisha kulipa. Siku za mwisho ziko mbali: kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila unapopiga picha, kwa aparei nyingi za bei ya kati watengenezaji wanakipima kwa picha 100,000 mupaka 200,000. Sendika inayopiga picha 200 kwa juma inafikia 10,400 kwa mwaka. Inaomba zaidi ya miaka tisa kufikia 100,000. Kwa hiyo garanti ya kuongeza inauza ulinzi mu ile miaka ya katikati, wakati ugonjwa ni kidogo.

Tuhesabu pasipo woga

Tulimuuliza fundi mumoja wa muji: kutengeneza aparei kama hii, kosa la kawaida, ni ngapi? Alituambia karibu dola 120, na kipande cha kuagiza ndani. Basi tushike ile.

Tunalipa dola 70 ili tusilipe dola 120. Ili ile biashara iwe ya sawa kwetu, ingeomba mu aparei 100 kama yetu, 58 ziharibike mu miaka ile mbili, tena ziharibike kwa sababu garanti inayokubali. Nani anaweza kuamini kama aparei mupya zaidi ya nusu zinakufa mu miaka ya katikati? Kama ingekuwa vile, hakuna duka lingeuza ile garanti. Lingefilisika.

Tuhesabu tena kwa ubaya mukubwa: aparei inakufa kabisa, inaomba kununua ingine ya dola 450. Hapo ingeomba karibu aparei 16 kati ya 100 zife kabisa kwa kosa la kiwanda. Hata ile ni nyingi sana.

Muuzaji haibe. Anafanya hesabu yake, na hesabu yake inamupatia faida. Ile faida inatoka wapi? Inatoka kwa wale wengi wanaolipa na hawadai kitu: wamoja aparei haikuharibika, wengine wamepoteza fakitire, wengine waliambiwa «hii ni maji, hailipiwe».

Nani atafungua mulango mwaka wa tatu?

Kuko swali linalopita hesabu. Ahadi ina nguvu ya mutu aliyeahidi. Bukavu imeona nini tangu 2004? Mwezi wa sita 2004, maduka yaliporwa. Tarehe 3/2/2008, tetemeko lilibomoa nyumba. Mioto ya Kadutu na Nyamugo, tunaihesabu kila musimu wa kiangazi. Mwezi wa pili 2025, muji ulibadilisha mikono, maduka na depo nyingi ziliporwa, mabanki yakafunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Wauzaji wengi wazuri, watu wa haki kabisa, waliamka asubuhi pasipo duka. Ukienda kwao na karatasi ya garanti, utamudai nini mutu ambaye yeye mwenyewe analia?

Tena, hata duka likiwa wazima, kazi itafanyikia wapi? Kama aparei inaomba kuvuka Ruzizi kwenda Kigali, ao kupanda ndege mupaka Dubai, nani analipa usafiri? Nani analipa duane wakati wa kurudi? Tulisoma: ni munua. Kwa hiyo ile «bure» inakuja na gari, na duane, na miezi ya kungoja. Na miezi ile, mashimo hayangoje.

Kuko jambo la sheria pia. Mutu anayepokea feza leo ili alipe hasara ya kesho, kama ajali ao wizi, anafanya kazi ya asiransi. Mu Kongo, SONAS ilikuwa peke yake mu kazi ile tangu 1966, mupaka sheria ya tarehe 17/3/2015 ilifungua mulango kwa kampuni zingine chini ya uangalizi wa ARCA. Kwa hiyo muuzaji akikuambia garanti yake inalipa hata wizi na moto, uliza jina la kampuni ya asiransi iliyo nyuma yake na ruhusa yake. Akikosa jibu, ile ni ahadi ya mudomo.

Wenzetu waliotaka tulipe

Tusiseme kama wenzetu waliotaka kulipa walikuwa wajinga. Mama anayetunza kasha yetu alisema neno la nguvu: «Munajua sisi. Feza ikibakia mu kasha, mutu anakuja na musiba, tunatoa. Mwingine anakuja na mugonjwa, tunatoa. Siku aparei inakufa, kasha iko mutupu. Angalau dola 70 zikienda kwa muzungu wa garanti, hakuna mutu atakuja kuziomba.» Watu walicheka, lakini alisema kweli. Kwa watu wengi, garanti ni namna ya kufunga feza mahali mukono wao wenyewe hauwezi kufika.

Mwingine, muzee wa Nyabibwe, alisema: «Sisi hatuna nguvu ya kununua mara mbili. Tajiri anaweza kukataa garanti, masikini hapana.» Ile pia ni fikira ya heshima. Asiransi ni muzuri kwa hasara ambayo ukiipata umekwisha. Swali ni: dola 120 ya fundi itatumaliza? Mutu mumoja, pengine ndiyo. Watu 70 pamoja, hapana.

Jibu la maneno yote mawili lilikuwa lile lile. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuwe sisi wenyewe garanti yetu, lakini tuifunge kwa ufunguo.

Kasha ya vyombo

Haya ndiyo tuliamua. Dola 70 hatukuzipeleka dukani. Tuliziweka mu kasha ya peke yake, yenye daftari yake, kando ya kasha ya musiba na ya wagonjwa. Kila mwezi tunaongeza dola 5. Garanti ya mutengenezaji ikiisha, kisha miezi 12, mu kasha kutakuwa dola 130: fundi mara moja, na inabakia. Kisha miezi 24, dola 190. Kisha 36, dola 250, zaidi ya nusu ya aparei mupya. Na kama hakuna kinachoharibika, feza ni yetu. Ku duka, zingekuwa zimekwenda.

Funguo ni mbili, watu wawili, na sheria moja iliyoandikwa ku ukurasa wa kwanza: kasha hii haitoke kwa kitu kingine ila chombo. Musiba una kasha yake. Mama yetu mutunza-kasha ndiye aliomba ile sheria, na yeye ndiye anashika ufunguo mumoja.

Sasa waza vikundi kumi vikifanya pamoja, koperative kumi ao familia kumi za wapiga picha. Kila kimoja kinaleta zile dola 70. Ni dola 700. Zinaweza kulipa fundi mara tano, dola 600, na 100 zinabakia. Ao zinanunua aparei mupya moja ya 450 na kutengeneza mbili kwa 240, na dola 10 zinabakia. Na kasha yenu inaweza kukubali kile garanti inachokataa: kuanguka, matope, maji. Munaandika ninyi wenyewe. Wale wanaojua likelemba wanaelewa kama hatuleti kitu kigeni hapa.

Wakati gani inafaa kulipa

Hatuseme garanti ya kuongeza ni mbaya siku zote. Kama mutoto wako anakula kwa aparei ya foto, anapiga picha ku ndoa na ku ubatizo, na aparei yake ni ya dola 1,500 ao zaidi, hesabu inabadilika: kipande kimoja kinaweza kupita feza yote ya nyumba. Kama karatasi inakubali kuanguka na maji, kama kampuni inajulikana, kama fundi wake yuko hapa hapa mu muji, kama bei ya garanti haipite sehemu moja juu ya kumi ya bei ya aparei, kaa chini uiwaze vizuri. Pengine ulipe.

Lakini mbele ya kulipa, uliza maulizo haya, na uombe jibu kwa maandishi:

1. Garanti ya kuongeza inaanza siku gani? Kama inaanza siku ya kununua, mwaka wa kwanza unalipa mara mbili.
2. Nani anajibu: duka, mutengenezaji ao kampuni ingine? Jina na adrese.
3. Aparei inatengenezewa wapi, na nani analipa usafiri na duane?
4. Nini haiingie? Soma ile orodha kwa sauti mbele ya muuzaji.
5. Kama haiwezekane kutengeneza, munanipa aparei mupya, ya okazyo, ao feza? Na ni bei ya siku ya kununua ao bei iliyopunguzwa?
6. Mutangoja siku ngapi?
7. Naweza kurudi kuinunua kisha wiki mbili? Muuzaji anayesema «leo tu» anataka usiende kuhesabu.

Mambo ya kufanya ukikataa

Kukataa garanti ya kuongeza si kulala. Mwaka wa kwanza ni wako, utumie. Mu wiki mbili za kwanza, piga picha nyingi, mia tano ao zaidi. Jaribu kila kifungo, flashi, karte ya memwari, kuchaji mupaka mwisho. Funika objektifu, piga picha ya giza, uangalie kama kuko nukta za rangi zisizotoka. Ugonjwa wa utoto, uutafute wakati mutengenezaji anajibu, na wakati muuzaji hawezi kusema ulikawia.

Fakitire iwe na tarehe, jina la duka, kashe, sinyatire, na nimero ya seri. Linganisha ile nimero na ya aparei na ya kartoni, zote tatu ziwe moja. Piga picha ya fakitire, tuma kwa watu wawili, juu wino wa mashine nyingi unafutika kisha miezi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nunua mufuko usioingia maji. Tia ndani vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja mu viatu vipya, usivitupe. Usifungue objektifu mahali wanatwanga mawe. Sharjeri iwe ku stabilizatere. Kamba ya shingo isitoke shingoni. Yote haya ni bei ndogo, na yanazuia ule ubaya ambao karatasi ya duka inakataa.

Na jambo la mwisho, ambalo mu mukutano lilitoka mwishoni lakini lingepaswa kuwa la kwanza. Garanti, hata iliyo muzuri kuliko zote, inarudisha aparei. Hairudishe picha. Picha ya kikosi kilichoshuka siku ya kwanza ya juma, picha ya mti uliopasuka tulioonyesha mbele ya ajali, picha ya mizani siku muzozo ulianza: zile hakuna duka litazilipa. Kwa hiyo tuliandika mu daftari ya kasha: kila jioni ya siku ya tano ya juma, picha zinatolewa mu aparei na kuwekwa mahali pawili, kwa watu wawili, mu nyumba mbili tofauti. Karte mbili za memwari kwa kazi ile zilitugharimu dola 16, na zilikuwa kitu cha kwanza tulichonunua.